Wimbo wa Kuoshea Picha

Katika picha zote nilizopiga za bendi yetu, mpiga akodiani yumo katika kila moja, amefumba macho na kuinua kidevu kama mtu anayenyolewa. Si kwamba alikuwa na sura ya kupigwa picha. Mimi nilipuliza klarineti, na mikono yangu ilikuwa huru mara moja tu katika kila wimbo, pale akodiani ilipoachiwa uwanja peke yake. Nilikuwa na muda wa ubeti mmoja na nusu kuiweka klarineti kitini, kuokota kamera, kulenga, kubonyeza na kurudi kazini kabla sijakosekana. Mpiga gitaa na mpiga ngoma walinilalamikia kwamba hawatakumbukwa na mtu. Niliwaambia wajifunze kunyamaza kidogo, nipate nafasi ya kuwapiga nao.

Huyo wa akodiani ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Kwao Kawangware, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa mwenye shamba kubwa la mahindi. Mzee alitupa ghala lake la mahindi tufanyie mazoezi, kwa sharti kwamba kila zoezi lianze kwa wimbo mmoja wa kanisa. Tulilitimiza sharti hilo kwa mwendo wa kulimaliza. Kwa hiyo mimi, Mnubi wa Kibra, mtoto wa chuo cha Kurani, nikawa nazijua nyimbo za kanisa lao kuliko kwaya yao yenyewe, na mzee akawa ananiuliza nitabatizwa lini. Kila Jumamosi nilitoka Lindi, kijiji chetu cha Kibra, kwa miguu, nikavuka barabara ya Ngong nimeificha klarineti ndani ya koti, maana askari wa siku zile akimkuta Mwafrika na bomba jeusi lenye vidude vya kung'aa alitaka kwanza kujua limeibwa wapi.

Kama mwanamuziki nilikuwa na kasoro moja, nayo ilitosha. Nilikimbia. Wimbo tuliouanza kwa mwendo wa kutembea, mimi niliumaliza kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki, na wenzangu wakilazimika kunifuata. Nikifurahi nilikimbia, nikiogopa nilikimbia zaidi.

"Wee bwana, nani anakufukuza?" mwenye bendi alizoea kuniuliza, tena mbele ya watu. "Hii waltz. Watu wanataka kucheza, hawataki kupanda basi."

Kamera niliipata Burma. Nilikuwa katika bendi ya jeshi, na vita vilipochachamaa tulinyang'anywa ala na kupewa machela, eti tubebe majeruhi. Huko nilimpa askari mmoja Mhindi buti za ziada, ambazo sitaeleza nilizipataje, naye akanipa kisanduku cheusi chenye jicho moja la kioo. Nilirudi nacho Kibra baada ya vita, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kazi mbili zisizoheshimiwa. Muziki ulikuwa wa walevi. Picha, alisema maalim wetu, zilikuwa za watu wanaotaka kushindana na Mungu. Nilimwambia maalim kwamba mtu akiziona picha zangu hatadhani kuna mashindano.

Nilisema kweli. Picha zangu zilitoka zimepauka kama uji uliozidishiwa maji. Nyuso zilikuwepo, lakini kwa mbali, kama watu wanaoaga. Na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kuosha filamu ni kazi ya gizani. Sisi hatukuwa na stima, hatukuwa na bomba la maji, tulikuwa na stoo ya matope ambayo haboba aliweka vyombo vyake. Haboba ndilo jina tunalowaitia bibi zetu. Huyu alikuwa mama yake baba yangu, na ndiye aliyenilea. Niliziba nyufa za stoo kwa magunia, nikaifunga chemli kwa mshipi mpana mwekundu wa kitambaa uliobaki katika sare yangu ya bendi ya jeshi, kwa kuwa filamu za siku zile hazikuiona rangi nyekundu. Dawa niliimimina katika sinia la enameli la haboba. Maji ya kusuuzia yalikaa katika bakuli lake la unga. Nilipomaliza nilifunika kila kitu kwa kuta, vile vifuniko vya rangi rangi ambavyo wanawake wetu husuka kufunikia chakula, na mara moja baba mdogo alikifunua kimoja akitumaini kukuta mchuzi.

Ukishaitia filamu kwenye dawa, unaishika ncha mbili na kuipitisha dawani, mkono huu ukipanda ule ukishuka, kwa muda maalum. Ukiitoa mapema, inapauka. Ukichelewa, inaungua. Sasa muda huo utaupimaje? Saa sikuwa nayo. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, kwa sababu mwanamuziki huhesabu mpaka nne, kisha huanza tena moja. Ndipo nikaenda mjini, mtaa wa Bazaar, kwa Mhindi aliyeniuzia filamu, nikamwomba ashike saa yake ya mfukoni nimwimbie. Nilimwimbia nyimbo tano pale dukani, wateja wakirudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Wa tano ndio uliolingana na muda wa dawa, mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa wimbo wa haboba.

Lazima niuseme wimbo huo ulivyokuwa. Haboba alikuwa mpigaji mkuu wa doluka, ngoma ya wanawake wetu, na hakuna arusi ya Kibra iliyoitwa arusi bila yeye kukalia kigoda na kuiweka ngoma mapajani. Wimbo wenyewe ulikuwa na beti kumi na mbili. Askari anarudi kutoka vitani na nishani kifuani, anamwambia mkewe apakue chakula. Mke anamjibu kwamba nishani aliyoleta ameichemsha tangu asubuhi na bado haijaiva. Hiyo ni beti mbili za kwanza. Zinazofuata mke anamvua askari vazi moja kila ubeti na kueleza anachokiona, na sitaziandika hapa kwa sababu nina wajukuu wanaosoma. Wanaume wa Kibra, ambao wote walikuwa askari au wana wa askari, walipousikia walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine.

Basi huo ndio uliokuwa saa yangu. Tatizo ni kwamba ulilingana na dawa ukiimbwa kwa mwendo wa haboba, ambao ulikuwa mzito, wa mtu asiye na haraka ya kumaliza kumtukana mumewe. Mimi, peke yangu gizani, moyo ukinidunda kuona picha ikitokea, niliumaliza mapema kila mara. Mhindi wa Bazaar aliziangalia picha zangu akasema, "Wewe toa mapema." Mwenye bendi alisema nakimbia. Watu wawili wa kazi mbili tofauti waliniambia jambo moja, nami niliwaona wote wawili wana roho mbaya.

Haboba mwenyewe hakutaka kupigwa picha. Alisema amemwona yule kijana wa akodiani katika picha zangu na anahofia afya yake. Kisha ikaja barua kutoka Bombo, Uganda.

Huko Bombo alikuwako dada yake. Waume zao waliachana njia kwa amri ya jeshi, mmoja akapelekwa huku na mwingine akabaki kule, wakati baba yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Hawakuonana tena. Waliandikiana kwa mikono ya wajukuu, na kwa miaka yote hiyo barua zao zilikuwa za kushindana. Mmoja akipata mbuzi, mwingine alipata ng'ombe. Mmoja akiugua, mwingine alikuwa ameugua zaidi. Barua hii niliisoma mimi kwa sauti, haboba akichambua mboga. Dada yake alitoa salamu, akataja waliokufa, halafu akasema kwamba yeye, alhamdulillahi, bado ana meno yake yote ila moja tu, na anamwonea huruma dada yake ambaye bila shaka sasa anakula uji.

Haboba aliweka mboga chini. Alikuwa na meno yake yote, hata lile moja.

"Andika nina yote," alisema. Nikachukua kalamu. "Ngoja. Hataamini. Mimi pia mwaka jana nilimwandikia nina ng'ombe watatu." Alifikiri kidogo. "Leta hicho kisanduku chako. Meno yaonekane."

Ulikuwa mwezi wa saba, na Kibra ilikuwa imelala ndani ya ukungu hata mchana. Haboba alijiandaa asubuhi nzima kama bi arusi. Alivaa gurbaba, shuka yake ya kujifunga iliyodariziwa, akatia kipini cha dhahabu puani, akajifukiza udi. Kisha akaketi barazani na ngoma yake mapajani, kwa kuwa katika ujana wao yeye alipiga ngoma ya kwanza na dada yake ya pili, na alitaka dada yake akumbuke nani alikuwa wa kwanza.

Filamu ilikuwa na nafasi moja iliyobaki. Nyingine saba, bila shaka, zilikuwa za akodiani. Mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo niliiweka kamera juu ya kigoda, nikamweleza haboba kwamba nitalifungua jicho na kuliacha wazi kwa muda wa mstari mmoja wa wimbo, na kwamba katika muda huo asitikise hata kope. Akakubali. Akafunua meno yote kama mtu anayeuza punda. Nikalifungua jicho, nikaanza kuuimba mstari kwa sauti ya chini.

Sikufika katikati. Mkono wake wa kulia ulipanda na kushuka juu ya ngoma, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Haboba! Umetikisa mkono!"

"Wewe umekimbia," alisema, meno bado nje. "Ningekaaje kimya na wimbo wangu unafukuzwa hivyo?"

"Picha imeharibika."

"Mimi sijaharibika. Ioshe."

Sikuiosha. Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilikuwa nimejipa cheo cha fundi, na fundi haoshi picha ya mkono uliotikisika. Nilimwambia nitanunua filamu nyingine nimpige upya, siku yenye jua. Kila asubuhi alipokuwa akitoka kwenda kwenye shamba lake la mihogo, kule chini zilipo ghorofa za Highrise sasa, aliniuliza, "Picha yangu iko wapi?" Nami nikamjibu kwamba ni mbaya. "Mbaya ni yangu, nipe," akasema. Mwezi ule bendi ilikuwa imeitwa arusi mbili Kawangware, na mimi nilikuwa nikishughulikia jambo muhimu zaidi, yaani kumpiga picha mpiga akodiani kwa filamu mpya.

Baridi ikamwingia kifuani. Aliugua siku nne. Siku ya tatu bado aliniuliza habari za picha, nikamwambia apone kwanza. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, alifariki, na kabla ya jua kutua tulikuwa tumemzika. Nililia kama mtoto, tena kwa sauti, mpaka mwenye bendi, aliyekuja kutoka Kawangware amevaa tai, akanishika mabega na kunikalisha kwenye mkeka. Aliniambia, "Lia tu. Leo hata ukikimbia hakuna mtu atasema." Nilitaka kumpiga, na nilitaka asiondoke.

Kesho yake, matanga yakiendelea, baba mdogo alisema kwamba binamu yetu mmoja anayefanya kazi kwenye gari la moshi ataondoka kesho asubuhi kwenda Kampala, na kwamba atafika Bombo kumpa dada yake haboba habari kwa mdomo. Wazee wakaanza kujadiliana apewe nini cha kumpelekea. Mmoja akasema kanga. Mwingine akasema kipini. Meno yale, ambayo dada yake alikuwa akiyangoja kwa hamu ya kugombana, yalikuwa katika ile filamu niliyoiviringisha na kuiacha stoo, na hakukuwa na mahali pengine popote duniani yalipobaki. Uso wake haukuwa umepigwa picha nyingine maishani mwake. Nikikosea hiyo moja, basi.

Niliinuka kwenye mkeka nikaenda stoo.

Ilikuwa alasiri. Nje wanaume walikuwa wamekaa wakisoma Kurani, maalim akiongoza. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wamejaa hadi jikoni. Ngoma ya haboba ilikuwa imefunikwa kanga nyeusi na kuwekwa juu ya kabati. Kwetu, matangani haipigwi ngoma, hauimbwi wimbo, hata mtoto akipiga mbinja huzabwa kofi. Niliurudisha mlango, ambao haukuwa na komeo, nikaziba nyufa, nikaiwasha chemli ndani ya mshipi wake mwekundu. Nilichanganya dawa kwenye sinia lake. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma vidole. Nikaifungua filamu, nikaishika ncha mbili, nikaizamisha, na hapo tu ndipo nilipotambua kwamba saa yangu ilikuwa wimbo, na kwamba wimbo wenyewe unamvua askari nguo.

Nilijaribu kuuimba moyoni. Moyoni ulikwenda mbio kuliko farasi, nikajikuta ubeti wa tatu filamu haijaonyesha hata doa. Nikaanza upya kwa mnong'ono. Mnong'ono haukuwa na mwendo, ukateleza. Nikaona hakuna njia, nikautoa kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo mtu hudhani haisikiki.

Nilikuwa ubeti wa saba, suruali ya askari iko magotini, vishindo vya miguu vikasimama mlangoni.

"Nani huyo?"

Alikuwa shangazi, binti yake haboba. Alikuja kuchukua vikombe. Shangazi huyu alikuwa amempigia mama yake ngoma ya pili tangu utotoni, kisha akaolewa na mcha Mungu, akaiacha doluka siku moja na kuwa mkali kuliko mume. Klarineti yangu aliiita hilo bomba, na kwa sababu yake nililipulizia mashambani. Sasa alikuwa amesikia, siku ya pili ya matanga ya mama yake, mjukuu wa marehemu akiimba matusi gizani.

"Wewe! Fungua!"

"Shangazi, usifungue."

"Umelewa?"

"Sijalewa. Ukifungua unaua." Aliushika mlango, nikasikia bawaba ikilia, nami mikono yangu miwili ilikuwa kwenye dawa. Nikapiga kelele neno la kwanza lililonijia. "Usifungue! Mama yako yumo kwenye sinia!"

Bawaba ikakoma kulia. Nilisikia usomaji wa maalim kwa mbali. Nilidhani amekwenda kuwaita wanaume, na nilijua nitatolewa pale kwa kola, mchana wa watu, na mwanga utaingia na haboba ataondoka mara ya pili.

"Ile picha yake?" aliuliza shangazi. Sauti ilikuwa nyingine.

"Ndiyo."

"Na wimbo ni wa nini?"

Nikamweleza, haraka haraka, dawa, muda, saa, ubeti. Aliyasikiliza yote. Kisha akasema polepole, kwa hasira kabisa:

"Basi mbona unamkimbiza?"

Niliendelea kuipandisha na kuishusha filamu.

"Rudi ubeti wa nne," alisema. "Wa tano na wa sita umezimeza. Nilikuwa nasikia tangu jikoni."

Kisha nikasikia ukucha wake ukigonga bati la mlango. Taratibu. Mzito. Ilikuwa ngoma ya pili, ile inayokuja nyuma ya ya kwanza na kuizuia isitoroke. Nilirudi ubeti wa nne. Kila nilipotaka kukimbia ukucha ulikataa kunifuata, nikabaki peke yangu mbele kama mjinga, nikarudi kuungoja. Mikono yangu ikapanda na kushuka kwa mwendo huo. Ubeti wa tisa shangazi alikuwa akiimba nami, midomo imegusana na ufa wa mlango, maneno yote, hata yale ambayo mume wake hakujua kwamba anayajua. Alikuwa akilia, nilisikia pua. Hakukosa pigo hata moja.

Tulipomaliza ubeti wa kumi na mbili nikaitoa filamu, nikaisuuza, nikaitia kwenye dawa ya pili ya kuigandisha, nikangoja. Baadaye Mhindi wa Bazaar aliniambia kwamba kwa baridi ya mwezi ule, mwendo wangu wa kawaida usingetoa chochote isipokuwa ukungu, na hata mwendo sahihi usingetosha. Zile beti nilizolazimishwa kurudia ndizo zilizomleta haboba.

Nilifungua mlango. Shangazi aliinyakua filamu ikiwa bado inadondosha maji, akaielekeza kwenye mwanga, akatoa ukelele.

"Meno! Umemfanya meno meusi!"

Nilimweleza kwamba kwenye filamu cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, na kwamba kwenye karatasi kila kitu kitarudi mahali pake. Hakuniamini mpaka jioni ile nilipoibana karatasi juu ya filamu chini ya kioo, nikaimulikia chemli isiyo na mshipi, nikaitia dawani mbele yake. Haboba akatokea. Kipini, gurbaba, makunyanzi, meno thelathini na mawili ya kumshinda mtu. Hakupauka hata kidogo. Mkono wa kulia tu ndio haukuwepo. Juu ya ngoma palikuwa na kitu kama moshi.

"Nitaikata hapa chini," nilisema, "mkono usionekane."

"Usikate," alisema shangazi, akachukua vikombe vyake.

Binamu aliondoka nayo asubuhi ndani ya bahasha. Mwenye bendi nilipomwonyesha nakala yangu aliisifu sana, kisha akasema ni hasara huo mkono. Mhindi wa Bazaar alisema hivyo hivyo. Maalim aliitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu wa msimamo wake, akauliza kama mkono unaweza kurekebishwa.

Jibu la Bombo lilikuja baada ya wiki kadhaa, limeandikwa na mjukuu mwenye mwandiko mbaya. Nililisoma barazani, shangazi amesimama nyuma yangu. Habari za msiba tumepokea, lilisema, na sisi sote ni wa Mungu. Nilitafuta neno juu ya meno nikalikosa. Hakutaja gurbaba wala kipini. Mwisho kabisa, chini ya salamu za majirani, palikuwa na mstari mmoja: Bibi anauliza, hapo alikuwa anapiga wimbo gani?

Shangazi aliingia ndani. Alirudi na ngoma, akaitoa kanga, akaipangusa vumbi, akaketi nayo pale pale alipoketi mama yake. Mimi nikachukua kalamu. Nilimwandikia bibi wa Bombo kwamba ni ule wa nishani, mstari wa kwanza, na kwamba ni mimi niliyekuwa nikikimbia, na dada yake alikuwa akinirudisha.